Chumvi Ndani ya Mashine ya Nyale

Gongoni hakuna tena anayelalamikia kelele. Banda la mabati lililo kando ya mashamba ya chumvi limenyamaza, na majirani waliokuwa wakiomba Ngumbao akome sasa wanaona alasiri ni ndefu mno.

Ngumbao Mwaringa alikuwa fundi wa madirisha ya alumini mjini Malindi. Mabomba yaliyosalia kwenye kazi za mahoteli aliyabeba kwake, akayaunga mwaka baada ya mwaka hadi yakawa ndege ya mtu mmoja, mabawa yake ya turubai. Ilikosa injini tu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Shemeji yake Nyale, mvuvi wa Ngomeni, alirudi kutoka baharini na homa, na homa hiyo ikamwua. Aliacha watoto na mashine ya boti, ya nguvu za farasi arobaini. Mjane wake, Kahonzi, ni dada mdogo wa Ngumbao. Alitaka kuikodisha kwa wavuvi, watoto wapate kula. Lakini kaka mtu alichangia ilipokuwa ikinunuliwa, na kwake hilo lilimaliza maneno. Eda ilipokwisha tu, akafika na pikapu.

"Hodi hupigi siku hizi?" Kahonzi akamwuliza.

"Nawe shikamoo huna?"

"Ya mwizi sina."

"Nilichangia mashine hii, Kahonzi."

"Ulichangia iende baharini. Hukuchangia uende nayo kwa Mungu."

Ngumbao alikuwa ameshaipakia alipokumbuka kuuliza, "Imeoshwa?"

Mashine ya boti hunywa maji ya bahari ili isichemke. Kila irudipo, watu wa Ngomeni huitumbukiza katika pipa la maji matamu na kuiwasha, mpaka iteme chumvi yote. Kwa Nyale, kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Visima vya hapo vina chumvi, na maji ya pipa aliyabeba kichwani kutoka mbali.

Kahonzi alimtazama.

"Fundi ni wewe," akasema, akafunga mlango.

Ngumbao alilichukua hilo kuwa ndiyo. Nyumba ile haikuwahi kulaza mashine bila kuiosha. Hakufikiria kwamba baada ya safari ya mwisho Nyale alibebwa kitandani, kisha makaburini, na kwamba mwenye pipa alikuwa ndani akikaa eda huku mashine ikikauka na bahari tumboni.

Mjini, Alkesh wa duka la vipuri alimcheka mbele ya wateja.

"Fundi, wenzako huweka injini ya gari dogo. Wewe unakwenda kuvua mawingu?"

"Ni nyepesi na ina nguvu."

"Imezoea kunywa bahari. Huko juu utainywesha nini?"

"Maji matamu, kwa rejeta. Kama mtu."

"Haya. Ifungue kwanza uone ndani."

"Imetoka nyumba safi, Bwana Alkesh. Niuzie hiyo rejeta tu."

Siku ya kuruka watu walijaa ukingoni mwa shamba la chumvi lililokauka. Wengi walikuja kumwona akianguka, na hawakujificha. Kahonzi alisimama peke yake. Mashine ilipowaka, kwa sauti ileile iliyokuwa ikimjulisha kwamba mume karudi, aliziba masikio.

Ndege ilikimbia, ikainuka, ikapita juu ya vichwa vya minazi. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyecheka. Kisha mvuke mweupe ukafoka, mashine ikakwama, ikazimika. Ndege ilianguka kwa ubavu kwenye tope la chumvi.

Ilipofunguliwa, njia zake za maji zilikuwa zimezibwa na chumvi ngumu kama jiwe. Haikufaa tena kwa mbingu wala kwa bahari.

Kahonzi alimfuata hospitali. Hakubeba uji.

"Ulijua," Ngumbao akasema, mguu ukiwa umefungwa hadi nyongani.

"Nilijua."

"Mimi ni ndugu yako. Ungeniacha nife?"

"Na wanangu je? Ungekuja kuomba, ningekwambia yote. Ulikuja kuchukua, kaka. Basi umeichukua na chumvi yake."

Hawajasemezana tangu hapo. Watoto wa Nyale wanakula kwa kibarua cha kuokota chumvi ya watu.

Ngumbao yuko Rabai kwa wajomba zake, anaunga madirisha akiwa ameketi.