Diski ya Tatu Sebuleni kwa Mama Celestine

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Drusilla Nyakerario amepiga magoti katika sebule moja huko Nyansiongo, kichwa kimeingia nusu ndani ya kabati la televisheni. Hajaitwa. Amejileta.

Mbele yake kuna kisanduku cheusi chenye droo nne, na kila droo ina diski yake. Taa tatu zinawaka kijani. Ya tatu kutoka kushoto imezimika.

"Nani aligusa hapa?" anauliza, ingawa jibu analo.

"Si ni yule fundi Jasper Odero wa Kisii mjini," anajibu mwenye nyumba, Mama Celestine Bosire, huku akimimina chai. "Alikuja jana. Kijana msafi huyo! Shati limeshonwa jina, na viatu alivua mlangoni bila kuambiwa."

Drusilla anatazama miguu yake. Amevaa gamboti.

Ana miaka arubaini na mitatu, na kwa miaka kumi na minne amekuwa fundi wa kompyuta soko la Magwagwa. Shule aliachia darasa la nane. Kazi alijifunza kwa kufungua redio zilizotupwa, kisha kompyuta zilizotupwa, mpaka zikaanza kuletwa zile ambazo hazijatupwa. Mwezi mzuri humpa shilingi elfu ishirini na mbili. Mbaya, elfu saba.

Tangu Jasper aanze kuzunguka na pikipiki, miezi mibaya imeongezeka.

"Wateja watano wamehamia kwake tangu Januari. Nawajua kwa majina, na wawili tunaimba nao kanisani," anasema. "Mimi Ijumaa jua likishuka nazima simu, nawasha Jumapili asubuhi. Nawe utadhani kompyuta za watu huvizia Sabato ndipo ziharibike!"

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Jumamosi jioni, Sabato ikiwa imekwisha, Mama Celestine alitaka kumwona marehemu mumewe, Mzee Anyona, aliyeongoza kwaya miaka thelathini. Video zake zote zimo ndani ya kisanduku hicho, alichonunuliwa na mwanawe aliye Marekani. Televisheni ikakataa kuzifungua. Akampigia Drusilla, simu imezimwa. Akampigia Jasper.

Jasper alifika Jumapili. Alizima, akawasha, akabadilisha waya, kisha akasema huenda diski imekufa, atarudi Jumatano na mashine ya kuifufua. Jioni hiyo hiyo habari zikamfikia Drusilla. Hakulala vizuri.

Tatizo lilikuwa kubwa. Mwana alikuwa ameziunganisha diski zote nne zifanye kazi kama moja, ili nafasi iwe kubwa. Moja ikikosekana, hakuna kinachofunguka. Tena kisanduku chenyewe, kikiona moja haipo, huuliza kama kianze upya. Ukikubali, Mzee Anyona amefutika.

"Huyo kijana ameiua," Drusilla anamwambia mama, kabla hata hajashika bisibisi.

Baadaye, nje kwenye shamba la majani chai, mama asikosikia, anakiri. "Sikuwa nimeona kitu. Nilitaka tu iwe hivyo. Mungu anisamehe."

Anazima kisanduku ukutani na kungoja feni inyamaze. Anachomoa droo ya tatu, anatoa diski na kuiunganisha kwa waya kwenye laptopu yake. Anaweka sikio. Ndani kunavuma kama nyuki aliyefungiwa koponi. Laptopu inaitambua, inaandika ukubwa wake na namba yake.

"Hii ni nzima," anasema polepole. "Ugonjwa uko pale inapokaa."

Anamulika tochi ndani ya nafasi iliyo wazi. Huko mwisho kabisa, juu ya meno madogo ya shaba yanayoishika diski, umelala uzi mweupe.

"Mama, hizi droo hufunguliwa na nani?"

"Na mimi. Kila Ijumaa mchana. Nazima, nazitoa, napangusa vumbi, narudisha na vitambaa vyake. Unataka Sabato iingie nyumba chafu?"

Ndani ya nyumba hii kila kitu kimevalishwa kitambaa cha kushona kwa mkono: viti, televisheni, chupa ya chai. Hata droo nne za kisanduku zilishonewa vinne, kila moja na chake cha kulalia.

"Vitambaa vikae juu, mama. Ndani hapana."

"Lakini vilipendeza!"

Drusilla anauvuta uzi kwa kibanio, anarudisha diski, anasukuma droo mpaka inalia. Anawasha. Taa ya kwanza, ya pili, ya nne. Mama Celestine anaomba kwa Ekegusii, macho wazi. Taa ya tatu inapepesa, inapepesa tena, inatulia kijani.

Kwenye televisheni Mzee Anyona, kwenye koti la kijivu, anainua mkono na kwaya inaanza. Mama Celestine halii. Anamuuliza mumewe, "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Ingeishia hapo, Drusilla angerudi Magwagwa akiimba. Lakini mama anatoa karatasi chini ya Biblia.

"Jana mwanangu alipiga, akaniambia nikubali kuanza upya, eti itajitengeneza. Nikamwambia Jasper amekataza."

Kwenye karatasi kumeandikwa: Mama, usibonyeze chochote, hata mtoto wako akikuambia.

Drusilla anaisoma mara mbili. Bila karatasi hiyo, asubuhi hii asingekuta cha kuokoa.

"Hata mwandiko ni mzuri," anasema, na kuirudisha.

Wivu huo ameuombea mara tatu na haujatoka, kwa hiyo ameamua kuupa kazi. Jasper ana mashine inayosoma diski zilizokufa kweli, na Magwagwa nzima haina. Drusilla ameanza kuweka akiba anunue yake mwakani. Kabla ya hapo, Alhamisi hii, atapanda kwenda Kisii mjini na diski nyingine, iliyokufa kweli, mkobani.

"Nitaenda kama mteja. Nitakaa kwenye kiti chake na kumtazama mikono mpaka amalize," anasema. "Akiniuliza jina, nitamtajia lote. Nataka alijue."