Chumba cha Mama Adeline Katikati ya Njia

Ukiteremka kutoka barabara ya toleka, zile baiskeli za kubeba watu, ukitaka kufika kwenye maporomoko, ilikuwa lazima upite ndani ya parsele, kiwanja cha Mama Adeline, kati ya jiko lake na kamba aliyoanikia vitenge. Alfajiri walipita wavuvi na vikapu vyao vikubwa vya kutegea, kisha sisi wa shule, kisha wamama wenye beseni. Na kila aliyepita alichungulia sufuria yake ya majani ya muhogo.

"Mama Adeline, sombe tena? Jana sombe, leo sombe!"

"Kesho leta nyama, nitapika," alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kamba aliyokuwa anasuka.

Hata mimi nilikuwa namtania hivyo.

Alitoka Basoko kwa boti akiwa na miaka kumi na saba, kuja kuolewa na mvuvi wa hapa, Ezéchiel. Mto ulimchukua Ezéchiel kabla hawajapata mtoto. Tangu hapo Mama Adeline anaishi kwa kuwasukia wavuvi kamba za msituni, zile za kufungia miti iliyosimikwa kwenye maporomoko na kuning'inizia vikapu juu ya maji. Miaka thelathini na nane yuko hapa, na bado wanamwita Mugeni.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anaacha watu wote wapite uani kwake. Mimi napenda kuuliza, mama yangu anasema nitauliza hata kaburini. Ndipo akanieleza desturi ya samaki wa njia. Kila asubuhi, kikundi cha wavuvi kinachopita kinamwachia mwenye parsele samaki mmoja wa kwanza kutegwa, mbichi, na magamba yake, juu ya jiwe la mlangoni. Ukimchukua, umesema: piteni. Ukimwacha pale mpaka nzi wamfunike, umefunga njia, na hakuna mvuvi atakayekanyaga tena bila ruhusa yako.

"Na wewe unamchukua kila siku?"

"Mutoto, njaa nayo inakuyaka kila siku."

Mwaka jana mto ulipanda kuliko kawaida. Upande wote wa chini wa parsele ulizama, nyumba yake ikaanguka kuta mbili. Toka hapo akawa analala jikoni, juu ya meza. Ardhi iliyobaki kavu ilikuwa moja tu, ule mgongo ambao njia inapita juu yake. Basi akaenda kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, akarudi na karatasi ya ruhusa yenye muhuri, akaanza kufyatua matofali ya udongo mwenyewe. Chumba kimoja tu, hatua nne kwa hatua tatu. Alitaka kimalizike kabla ya maji ya Novemba.

Asubuhi tatu mfululizo hakugusa samaki. Nilipita nikaona nzi, nikamwona naye ameketi kando anawatazama samaki wakioza, anameza mate. Siku ya nne wavuvi walizunguka kwenye tope la kiunoni. Walinung'unika, lakini walizunguka. Desturi ni desturi.

Kisha mti mmoja mkubwa pale kwenye maporomoko ulivunjika. Mti kama ule unaletwa kutoka msituni, mrefu kama nyumba tatu, mabegani mwa wanaume thelathini. Kwenye tope haupiti, na haujui kukata kona. Unataka njia iliyonyooka. Mahali pengine pekee paliponyooka mpaka majini ni kwenye depo ya Mumbere, mfanyabiashara wa unga kutoka Butembo. Zamani watu walipita hata pale. Alipojenga ukuta, njia ilifungwa kwa siku moja, na hakuna mtu aliyekohoa.

"Tonton, kwa nini musipite kwa Mumbere?" nilimuuliza Arsène, mkubwa wa kikundi.

"Wewe mutoto ya shule, unaona vile vipande vya chupa juu ya ukuta?"

"Naviona."

"Unaona ile mbwa?"

"Naiona."

"Bon. Umeshajibiwa."

Wiki hiyo Mama Adeline alishikwa na malaria. Kuta zilikuwa zimefika mabegani, kizingiti cha mlango kimeshasimama. Jioni nilimpelekea maji, nikamkuta Mama Emilie, mke wa Arsène, ameketi karibu naye. Hawa wawili ni marafiki tangu zamani, wamezika waume... hapana, mmoja tu amezika, mwingine alimshika mkono.

"Dada, umekonda kama kamba zako," alisema Emilie. "Nimekuletea liboke."

Akafungua majani. Samaki mboto mnene aliyeivishwa ndani ya majani, mvuke unapanda, pilipili ikinukia mpaka nje.

Mama Adeline hakunyoosha mkono. "Hii samaki ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye jiko yangu. Iko mbichi? Iko na magamba? Ama kule kwenu Basoko banarudishaka chakula ya moto?"

"Kwetu chakula ya moto hairudishwi hata na adui."

"Alors, kula."

Akacheka, akala. Alikula polepole, kwa lituma, ndizi za kutwanga, baridi, iliyobaki tangu mchana, na mimi nikapewa mkia. Emilie alingoja mpaka mwisho. Kisha akakusanya mifupa yote, akaifunga tena ndani ya majani, akasema ataitupa mwenyewe. Niliona ajabu, mtu kutembea na takataka za mwenzake mpaka kwake. Kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mti ulikuwa umeshalala barabarani, na wanaume thelathini wameketi juu yake kama ndege. Arsène aliingia uani, akafungua yale majani ya jana juu ya jiwe la mlangoni.

"Mama Adeline, jana ulikula mboto?"

Alikuwa amejifunika kitenge, meno yanagongana. "Nilikula."

"Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye mitego yetu. Asubuhi ya jana."

Alitazama mifupa, kisha akamtafuta Emilie kwa macho. Emilie alisimama nyuma ya watu na beseni lake kichwani. "Mimi nilimupikia tu," alisema. "Juu ya huruma."

"Samaki ya njia inakuyaka mbichi," alisema Mama Adeline.

"Bon, na tumbo inajua kama iliingia mbichi ama yenye kuiva?"

Walicheka wote. Nikamsogelea, nikamnong'oneza: sema hukula, sema nilikula mimi peke yangu.

"Nilikula," akarudia kwa sauti. "Sitadanganya juu ya samaki." Akatoa karatasi yake. Arsène aliisoma yote, taratibu, akaikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Muhuri iko muzuri. Lakini chef de quartier havuake samaki."

Mama Adeline akaenda kusimama mlangoni mwa chumba chake kisicho na paa. "Basi nipeni saa moja, nitoe mbao za mlango. Nilizibeba kwa kichwa kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto."

"Mama, mabega ya batu inauma."

Wakamwinua yeye kwanza, wawili, kwa upole kama wanavyoinua mgonjwa, wakamketisha kwenye kinu. Kisha wakainua mti. Waliufunga kwa kamba alizosuka yeye. Moja, mbili! Ukuta wa kwanza ulianguka kwa pigo moja, kwa sababu matofali yalikuwa bado na maji ndani.

"Biskuti!" mmoja alipiga kelele. "Mugeni amejenga na biskuti!" Vijana wakatoa simu, wakapiga video. Ukuta wa pili ulihitaji mapigo mawili, wakaushangilia kama goli. Mbao za mlango zilivunjika chini ya miguu sitini. Mti ukapita, ukashuka mpaka majini bila kukata kona.

Arsène alirudi peke yake, akaweka samaki mpya juu ya jiwe.

"Nitaiacha ioze," alisema Mama Adeline.

"Iache. Pale mti umepita, hapajengwake tena. Hata Ezéchiel angekuambia."

Sikujua kama ni kweli. Nilimuuliza babu yangu, akasema hajawahi kusikia desturi hiyo, lakini akaniambia nisiseme hilo mbele ya Arsène.

Maji yalikuja Novemba tarehe tisa. Yalichukua jiko, meza, na udongo wa matofali. Parokia ilikuwa imejaa watu wa mitaa ya chini, na kwa Mumbere hakuna aliyebisha hodi. Sasa Mama Adeline analala kwa Emilie, jikoni, kati ya kuni na mbuzi. Jana nilimpelekea vidonge, nikamkuta anasuka. Kutoka ndani ya nyumba Emilie aliita:

"Mugeni! Kamba ya Arsène imeisha?"

"Bado kidogo," alisema Mama Adeline, akaivuta kwa meno kuikaza.