Kalavati Lililofungiwa Stoo

Kituo cha Taaluma za Kanda, pale chuo kikuu, kilianzishwa ili kichunguze maisha ya watu wa eneo lile na kuwarudishia matokeo. Kuchunguza walichunguza, hilo hakuna wa kuwanyima. Kurudisha ndiko kulikohitaji fomu. Aliyetaka ripoti aliandika barua, barua ikasainiwa na watu watatu, na mmoja wao siku zote alikuwa safarini, kwenye kongamano la kujadili kwa nini wananchi hawasomi.

Funguo za chumba cha ripoti alikuwa nazo bwana mmoja mwembamba, mpole, aliyeitwa Stoo hata na mkewe. Kwa miaka kumi na tisa alipokea maboksi kutoka kwa mchapaji, akayapanga, akayafuta vumbi, na kumwambia yeyote aliyefika dirishani, "Lete fomu, ndugu yangu." Wengi walikwenda kuitafuta hiyo fomu na hawakuonekana tena. Kuzisoma ripoti zenyewe hakuwahi. Aliona si heshima, kama mpishi kuonja chakula cha wageni.

Stoo aliishi Mtaa wa Chini na mkewe, mshona nguo, pamoja na mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea wiki mbili na sasa alikuwa anatimiza mwaka wa kumi na moja. Kila msimu wa mvua mtaa ule ulijaa maji. Si maji ya kulowesha nyayo; maji ya kupandisha vitanda juu ya matofali. Mvua ikianza, mama mkwe alimtazama mkwewe kana kwamba ndiye aliyefungulia bomba.

"Mtu anafanya kazi chuo kikuu," aliwaambia majirani, "na sisi tunalala juu kama kuku."

Siku moja Stoo alikuwa anahamisha maboksi ya chini baada ya mchwa kuonekana ukutani. Boksi moja likapasuka kitako, zikamwagika nakala arobaini za ripoti ya miaka tisa nyuma. Iliitwa *Vikwazo vya Kimuundo katika Mtiririko wa Maji ya Juu ya Ardhi: Mtazamo wa Makazi ya Bondeni*. Angeirudisha ndani bila kuuliza, ila picha ya jalada ilimfanya ainame tena. Ulikuwa mlango wa nyumba yake. Kizingitini alisimama mama mkwe, ameshika ndoo, amenuna.

Akakaa juu ya boksi, akasoma. Ukurasa wa sitini na moja ulisema, katika nusu sentensi, kwamba kwenye kona ya fundi viatu palikuwa na kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Lilifukiwa na kifusi barabara ilipopanuliwa. Likifukuliwa, maji yatapita. Kurasa mia moja na arobaini zilizofuata zilieleza nadharia.

Stoo alifikiria fomu. Akamfikiria mtia saini wa tatu, aliyekuwa ng'ambo mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akaitia ripoti ndani ya shati, akatoka langoni kama mwizi.

Jioni akawasomea nyumbani. Alipofika kwenye vikwazo vya kimuundo, mama mkwe akamkatiza.

"Yaani mfereji umeziba?"

"Ndiyo, mama."

"Si wangesema hivyo." Akaichukua ripoti, akaitazama picha yake kwa muda. "Namkumbuka huyu kijana wa daftari. Alinihoji mchana kutwa nikiwa na maji mpaka magotini. Akaniahidi kwamba majibu ataleta. Nikamngoja, nikachoka."

"Majibu alileta, mama," Stoo akasema, macho chini. "Alileta kwangu."

Mkewe akaacha kushona. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameishiwa maneno tangu alipohamia, aliinuka akaenda kulala bila kusema kitu. Stoo angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Jumamosi fundi viatu alihamisha kigoda chake na watu wakachimba. Stoo ndiye aliyeshika sururu wa kwanza na kuiachia wa mwisho, malengelenge mikono yote miwili. Siku ya pili wakalifikia kalavati, zima kabisa, limeshindiliwa mawe kama gunia. Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi maji yakapita kwenye njia yake kama watu wenye adabu. Mama mkwe akayaangalia kutoka mlangoni.

"Ungesoma mapema," akamwambia mkwewe. Lakini siku hiyo alimtengea chai mwenyewe.

Habari zikafika kituoni. Mkurugenzi, profesa wa maendeleo ya jamii, akamwita ofisini.

"Umetoa chapisho bila fomu."

"Ndiyo, Profesa."

"Unajua madhara yake?"

"Maji yamepita, Profesa."

Akapewa barua ya onyo, nakala tatu. Miezi miwili baadaye taarifa ya mwaka ikatoka, ikisema kwa fahari kwamba utafiti wa kituo umegusa maisha ya wananchi moja kwa moja. Kwenye jalada mkurugenzi alisimama kando ya kalavati, viatu vikimeremeta. Nakala mia tano zikaletwa kwa Stoo azifungie.

Alizifungia. Ila tangu hapo akawa anasoma, boksi baada ya boksi. Kanuni zilikataza kutoa chapisho, kusimulia hazikukutaja. Mfuga kuku akija kuuliza ugonjwa unaomwulia vifaranga, Stoo aliegemea dirisha akamweleza yote, mpaka ukurasa. Mpaka anastaafu, foleni ya pale dirishani ilikuwa ndefu kuliko ya kantini, na mkurugenzi aliamini kwamba watu wanafuata kivuli.