Kioo cha Stesheni na Sufuria Yangu

Majina ya stesheni nayajua kwa mpangilio wake, hata ukiniamsha usingizini: Itigi, Kazikazi, Kalangasi, Tura, Malongwe, Nyahua, Goweko, halafu sisi, kijistesheni ambapo treni husimama kwa huruma tu, halafu Igalula, kisha Tabora mjini. Majina ya watu nayo nayakumbuka yote, hata ya abiria mmoja aliyeondoka na sahani yangu. Ila humu sitayaandika, maana wengine bado wapo na ni wakali.

Nimeuza wali na kuku kwenye madirisha ya treni tangu nikiwa binti. Saa ya mkononi sijawahi kuvaa. Sisi wauzaji tuna mpango wetu: treni ikifika kwa mwenzio, anampigia simu wa stesheni inayofuata, basi. Wa Tura anampigia wa Malongwe, wa Malongwe anampigia wa Nyahua, wa Nyahua anampigia wa Goweko, wa Goweko ananipigia mimi, na kila habari inapita hivyo hivyo mpaka inifikie. Wa Tura tu ndiye anaongeza na simu ya kwangu moja kwa moja, kwa sababu tulilelewa pamoja. Nami napika kwa stesheni. Ikiwa Tura, nachinja. Ikiwa Malongwe, kuku yuko motoni. Ikiwa Nyahua, naosha mchele. Ikiingia Goweko, wali uko tayari, natafuta upawa.

Basi wakatuletea kioo. Kinafanana na runinga, kimetundikwa juu ya dirisha la tiketi, kinaandika saa ya treni kwa herufi nyekundu, na kipaza sauti kinasoma kile kile kilichoandikwa. Tulikishangilia sana. Siku ya kwanza kiliandika saa tano asubuhi. Treni ikaja saa kumi jioni. Abiria walikaa wamekikodolea macho mpaka shingo zikawauma. Mimi sufuria yangu ilikuwa bado haijaona maji, wala sikuwa na haraka.

Baada ya siku hiyo stesheni masta akawa hapiti jikoni kwangu bila kusimama. Ni baba wa makamo, mpole, mwenye kitambi cha heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkubwa."

"Treni yako iko wapi leo?"

"Yangu? Iko Nyahua. Huoni naosha mchele?"

Anashukuru, anaondoka mbio. Nilidhani anauliza kwa ajili ya tumbo lake, maana paja la kuku analipenda sana. Na kioo nacho, taratibu, kikaacha uongo. Kikisema saa nane, treni ni saa nane na kidogo. Nikawaambia wenzangu, hawa watu wamekitengeneza bwana, sasa kinaaminika.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyeolewa Kigoma. Mtoto wa jicho alimshika macho yote mawili. Mara ya mwisho tulipokutana, alinitambua kwa kunipapasa kovu la kidevuni, nililolipata siku tuliyoanguka wote wawili kutoka kwenye gari la ng'ombe. Uso wangu alikuwa hajauona kwa miaka mingi. Mwaka huu wanawe wakampeleka Dar, akafanyiwa upasuaji, akapona. Akanipigia simu akicheka kama msichana.

"Dada, nakuja na treni, napita hapo kwako. Miguu yangu haishuki ngazi zile, lakini nitakaa dirishani. Simama penye mwanga. Nataka kukuona uso."

"Nikuletee nini?"

"Matobolwa na karanga. Na huo uso."

Mimi Kigoma siendi tena, magoti yamekataa. Yeye hapa harudi. Kwa hiyo tulikuwa na hizo dakika chache za dirishani, basi, hakuna nyingine.

Siku yenyewe, asubuhi, mwenzangu wa Tura akapiga: imefika, bado imesimama. Simu ya mdogo wangu na ya mkwe wake anayemsindikiza zilikuwa zimeishiwa chaji tangu Dodoma, kwa hiyo tegemeo langu likawa wenzangu. Nikaloweka matobolwa machache, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mengine nikayaacha makavu, anapenda kuyatafuna njiani. Jogoo nikamwacha atembee kidogo, nikisubiri habari za Malongwe. Malongwe kimya. Goweko nayo kimya. Nikapiga hesabu zangu: Malongwe angekwisha kupiga kama treni imemfikia, hajawahi kukosa, basi treni bado iko Tura.

Stesheni masta akapita. "Shikamoo mama. Iko wapi leo?"

"Marahaba. Bado Tura. Hii kabla ya saa tisa haifiki. Na leo mdogo wangu yumo, yule aliyetibiwa macho Dar, anataka kuniona uso."

Nilisema hivyo kama mtu aliyeiona kwa macho yake.

Baadaye wasiwasi ukanipata. Siku nyingine ningekaa nasubiri simu, lakini siku hiyo nilijifunga kanga nikaenda stesheni kuuliza kioo. Kimeandika: SAA TISA KAMILI. Kipaza sauti nacho kikasema saa tisa kamili. Moyo ukatulia kabisa. Mimi nimesema saa tisa, na wakubwa wenye mitambo yao nao wanasema saa tisa, nani tena wa kubisha? Nikarudi nyumbani nikaoge vizuri, nivae kitenge kipya.

Niko bafuni uani, povu kichwa kizima, nikasikia kipaza sauti kutoka stesheni: "Abiria wote sogeeni. Treni ya Kigoma imekwisha kutoka Goweko."

Nikasema, mwongo huyo. Jua lilikuwa utosini, saa saba tu. Halafu nikasikia honi.

Sijui nilivaaje. Maji ya kusuuza nilijimwagia nusu, nusu ikaanguka chini. Matobolwa makavu na karanga nikatia kwenye sufuria, sufuria kichwani. Jogoo, ambaye kwa hesabu zangu alitakiwa awe mchuzi, alikuwa anaparua mlangoni. Nikamkwapua hivyo hivyo, nikambana kwapani. Nikashika njia ya stesheni, ile inayopita ghala la tumbaku. Kwa kijana ni dakika tano. Kwa magoti yangu ni safari.

Nilipofika ghalani, treni ilikuwa imesimama tayari. Naiona yote, mabehewa marefu, na mimi niko mbali, sijui yuko dirisha gani. Nikasema moyoni, atapita, atakwenda kuwasimulia watu Kigoma kuwa dada yake hakuja.

Ndipo kipaza sauti kikalia. Sauti ya stesheni masta, lakini safari hii hakuwa anasoma.

"Mama uliyetoka kutibiwa macho Dar, toa kichwa dirishani, tazama upande wa ghala la tumbaku. Dada yako anakuja. Ana sufuria kichwani, jogoo kwapani, na povu sikioni."

Vichwa vya treni nzima vikatoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakaita, "Kaza mwendo, bibi!" Na katikati ya vichwa vile, kimoja kilichofungwa kilemba cheupe kikawa hakicheki. Kinanitazama tu. Nikaacha kukimbia. Nikaona kama amenitaka uso, basi acha auone vizuri, toka mbali mpaka karibu.

Nilipofika dirishani akanishika kidevu, akaliangalia lile kovu.

"Dada, umezeeka!"

"Na wewe ulidhani utanikuta nasubiri kuposwa?"

"Wali wangu uko wapi?"

Nikampitishia jogoo dirishani. Mkwe wake akapiga yowe, mdogo wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yake mapya, nikamwambia, angalia usiyaharibu, tumeyapata kwa shida.

Stesheni masta akaja anahema. Nikamgeukia. "Mkubwa, kioo chako kimeniumbua leo! Saa tisa ya wapi hii?"

Akashangaa. "Mama, si ulinipa mwenyewe asubuhi? Tangu kilipodanganya ile siku ya kwanza, naandika saa ulizonipa wewe."

Kumbe nilikwenda kukiuliza kioo maneno yangu mwenyewe, na kikanijibu maneno yangu, nami nikaridhika kuwa tumekubaliana wawili. Na Malongwe, nilikuja kujua jioni, alikuwa harusini, simu iko kwenye mkoba. Wa Nyahua na wa Goweko, bila simu yake, treni iliwashtukiza kama mimi, wakakimbilia madirisha wakasahau kupiga.

"Kwa hiyo dada ndiye mtambo," mdogo wangu akasema, na treni ikaanza kusogea.

Ikaondoka taratibu. Sikufuata. Nilisimama palepale penye jua, nikageuza uso upande wake, kanga nikaishusha mabegani. Behewa la mwisho lilipita, stesheni masta akanigusa mkono.

"Mama, imekwenda. Twende kivulini."

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Bado ananiona."