Ugali Juu ya Jiko la Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jiko, nikacheka. Nilikuwa nimetoka kupikia abiria stesheni ya Tabora, kwenye mafiga yanayobeba sufuria la shughuli, na sasa Mkuu wa Msafara ananiwekea kiganjani kitu cha bati kinachokunjwa kama kibeti.

"Mkuu, hili ndilo jiko?"

"Ndilo, Mama Salome. Na kuni zako hizi hapa," akasema, akanimiminia vidonge vyeupe mfano wa sukari ya vipande.

Vidonge vile ni mafuta makavu. Unakiwasha kimoja kwa kiberiti, unakizungushia bati la kukinga upepo, kinawaka bila moshi mpaka kiishe. Hakipulizwi. Ukikipuliza kwa mazoea ya jikoni kinakuzimikia usoni, na mikono unanawa kabla ya kugusa chakula. Kazi yetu ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu katika njia ya zamani ya misafara, kila kitu mgongoni, na kwenye miombo ya Sikonge Bwana Nyuki, ofisa aliyesimamia ufugaji wa nyuki, alikataza kabisa moto wa kuni wakati wa kiangazi. Mizinga ya magome ilikuwa imejaa mitini, na majani chini yalikuwa makavu kweli kweli.

"Leo ni majaribio," Mkuu aliniambia pale kambini porini. "Wageni hawa wametoka Dar kufuata nyayo za wapagazi, biskuti wameziacha kwao. Wakila ugali wa moto, kazi unayo. Wasipokula, kesho unarudi stesheni."

Jamani, kazi ile niliitaka! Babu wa babu yangu alibeba mizigo njia hiyohiyo, na mimi mjukuu wake nilikuwa sijawahi kutoka mtaani kwetu Isevya kwa miguu hata kwenda kuokota uyoga.

Maji yalipochemka nilipiga kigelegele. Kumbe bati lile lina nguvu! Nikakoroga uji, nikaongeza unga, nikashika mwiko na kusonga kama tunavyosonga Unyamwezi, kwa nguvu zote za mabega. Jiko likapiga magoti. Uji ukamwagika, kidonge kikarukia majani, na majani yakashika moto.

Bwana Nyuki, aliyekuwa ametusindikiza, aliukanyaga moto huku akitazama mizinga juu. Ulipozimika alinigeukia.

"Mama, hivi unasonga ugali juu ya kibeti? Ikitokea tena, msafara mzima unageuza!"

Mkuu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Unga wa mlo mmoja tu ndio uliobaki nje ya mizigo ya akiba, na akiba haiguswi. Kichwa changu, namshukuru Mungu, kilikuwa kimetulia. Niliona kwamba kosa si la jiko. Jiko lile limetengenezwa kuchemsha, nami nilikuwa nalitwisha kazi ya mafiga.

Nikafagia majani mpaka udongo mtupu. Nikawasha kidonge kingine, nikachemsha, nikapika uji ukaiva. Kisha nikaitelemsha sufuria chini ili nisongee hapo. Sufuria ikazunguka na mwiko.

"Mkuu, naomba viatu vyako."

"Nivue?"

"Usivue. Simama hapa, uibane sufuria huku na huku."

Mzee mzima, kiongozi wa msafara, akasimama miguu imebana sufuria, na mimi nimechuchumaa mbele yake nasonga! Wageni wakacheka mpaka machozi. Ugali ukakaza, nikaurudisha jikoni juu ya kipande cha kidonge, nikaufunika uive. Wakala na mlenda, wakakomba sufuria. Bwana Nyuki alijifanya anakagua jiko, kisha akaomba tonge.

Mkuu alinawa mikono, akaniambia, "Kesho tunaondoka alfajiri. Usinicheleweshe."

Basi nikawa mpishi wa msafara. Nilihamishiwa kipande cha Kaliua, tulikokuwa tukishuka kwenye treni na kuingia porini, nikapanda cheo hadi kuwa Mpishi Mkuu. Kila mpishi niliyemfundisha nilimwanzishia pale pale: safisha udongo, chemsha juu, songa chini. Kambi zote zilijua kwamba mpishi akiita "Viatu!" anayesikia anakuja, awe mgeni au bosi.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Hapa Isevya napikia gesi, sufuria imetulia tuli, na nawaambieni ukweli, naona maisha yamepooza. Jiko langu dogo liko dirishani na nalipangusa kila nikipita.

Juzi Mkuu alipiga simu. Nikamwamkia, naye, bila hata kumalizia marahaba, akaanza kulalamika kwamba Sikonge wamepata wapishi wapya wanaomwaga ugali kila safari, na Bwana Nyuki amekuja juu.

"Magoti yangu, Mkuu."

"Utakaa kwenye kigoda. Mdomo haujastaafu."

Nilikuwa nimeshalikunja jiko na kulitia mfukoni. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Viatu je?"

"Nimeshavaa," akasema.