Kamba ya Arlene ya Kuanikia Nguo

Gerrit Dykhoff alikuwa mkono wa birika, na katika mji wake wa Waholanzi huko Iowa, Marekani, hilo si tusi, ni sifa. Ila Jumamosi ile ubahili ulimtokea puani.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, na jamaa wangeanza kufika makaburini na maua tangu Jumapili, wakitoka kanisani. Na Jumapili kwao mashine ya kukata nyasi haingurumi. Hata nyasi zifike kiunoni, ziache. Ukithubutu, mchungaji atapata habari kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Kwa hiyo ni leo au basi.

Kazi ya kukata nyasi za makaburi Gerrit aliichukua mwenyewe alipostaafu kilimo. Safari hii mkewe Arlene naye alikuwa humo, amelala tangu vuli. Shemeji yake Berdina alikuwa njiani kutoka Michigan. Amkute dada yake amemezwa na magugu? Aibu hiyo Gerrit angeificha wapi?

Kamba ya kuwashia mashine ilikatika jana yake. Duka lilikuwa wazi, lakini mzee wa watu akaona kununua kamba na nyumbani ipo ni wazimu. Akakata ya Arlene ya kuanikia nguo. Akafungua kifuniko, akaizungushia kwenye kigurudumu cha ndani, akakaza springi ya kuirudisha, akapiga fundo. Leo alipovuta, kamba ilikuja vizuri, kurudi ikagoma. Ikabaki inaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Akafungua, akazidi kukaza springi. Wapi! Kamba ilikuwa nene mno, imekwama kwenye kigurudumu. Duka nalo limeshafungwa, na mashine zote za mji ziko kazini, kila mtu anaiwahi Jumapili.

Jirani yake, Wilma Rozeboom, alikuwa akimtazama kutoka kibarazani kwake.

"Gerrit, hiyo si kamba ya nguo? Arlene angekutoa roho."

"Arlene hayupo, Wilma."

Alitaka kusema kwa ukali, sauti ikamgeuka katikati. Wilma akaingia ndani taratibu, asimwaibishe.

Gerrit akakaa juu ya ndoo, kamba mapajani, amekata tamaa kabisa. Ndipo akaona kwenye ile ncha iliyokatwa kwamba ndani mna nyuzi za pamba, na nje ni ganda lililosukwa tu. Akazibana zile nyuzi kwa koleo, akavuta. Zikatoka ndefu kama utumbo wa kuku, ganda likabaki jembamba, laini. Akalizungushia upya, akafunga kifuniko, akavuta. Kamba ikarudi yenyewe, chap. Akavuta tena, mashine ikanguruma. Alhamdulillahi, ungesema wewe. Yeye alicheka peke yake huku machozi yakimtoka, moyo umetua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akakata mstari kwa mstari, kaburi la Arlene akaliweka la mwisho ili asiondoke haraka. Jua lilipozama, kazi imekwisha.

Kesho yake Berdina alipita nyumbani kwa Gerrit kwanza, akaona nguzo mbili uani zimesimama bila kamba. Walipofika kaburini ndipo akauliza.

"Kamba ya dada umeipeleka wapi?"

"Nimeivuta jana mpaka nikamfikia hapa," akasema Gerrit.

Berdina akazitazama nyasi muda mrefu, akainama akaweka maua.

"Si mbaya," akasema, na kwao hakuna sifa inayoizidi hiyo.