Neno la Mdogo Wangu

Mimi niliishia kidato cha nne. Mdogo wangu aliendelea hadi chuo kikuu, na kwetu Mwala, miaka ile ya tisini, hilo lilitosha kumfanya asamehewe jembe.

Siku ya mwethya, kijiji kizima kilipoteremka mtoni kujenga bwawa la mchanga, kila boma lilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa kuku. Mama alitupeleka sote wawili. Mdogo wangu alipewa daftari akae kivulini kuandika majina ya waliofika. Mimi nilibeba mawe.

Saa ya kula muthokoi, jirani yetu mmoja alimchokoza. "Mwalimu, huko sukulu hamfundishwi kushika jiwe?"

Hakukasirika. Alieleza kwamba sisi Wakamba neno letu sukulu tulilichukua kwa Waingereza, na neno shule la Kiswahili lilitoka kwa Wajerumani walipotawala Tanganyika. Lakini maneno yote hayo, alisema, mzizi wake ni mmoja, kwa Wagiriki wa kale, na kwao neno hilo lilikuwa na maana ya nafasi ya kupumzika.

Wanawake walicheka mpaka wakaweka sahani chini. Mama alicheka kuwashinda wote, huku akimtazama kama mtu anayeona mvua ikija.

"Basi huyu wangu anasoma kweli," alisema.

Mimi nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama hakuwa amewahi kunitazama hivyo, na nilitaka anitazame hivyo mara moja tu. Nilirudi kwenye mawe, nikachagua makubwa. Hakuna aliyeona.

Baadaye nikaanza kutangatanga. Tanga nilipakia katani, Unguja nikauza viatu, Kampala nikakaa miaka miwili. Kila nilipofika niliuliza wanaiitaje shule. Unguja waliniambia skuli. Nikaona ni sukulu yetu tu iliyovaa kanzu, nikaiacha. Kampala nikapata nilichotaka: essomero, mahali pa kusomea, neno lao wenyewe, halikuazimwa kwa Mzungu yeyote. Mdogo wangu hakuwa nalo hilo.

Nililibeba hadi nyumbani. Mama alikuwa akipepeta mbaazi. Nilimweleza lote, polepole, kama alivyoeleza yule siku ile mtoni. Alisikiliza, ungo ukiwa umetulia magotini.

"Ni zuri," alisema. Kisha akaendelea kupepeta. "Ngoja ndugu yako aje Jumapili, tumuulize kama ni kweli."